Wiki Kumi Bila Shule: Mwongozo wa Likizo ya Kiangazi kwa Wazazi Wanaozungumza Kiswahili Marekani

Shule za umma za Marekani hufungwa kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, kutegemea jimbo. Kusini watoto wengi hurudi darasani Agosti; kaskazini mashariki wengi husubiri hadi Siku ya Wafanyakazi ipite mwanzoni mwa Septemba. Ni wiki kumi hivi. Aliyesoma Bukavu au Lubumbashi anaijua likizo kubwa ya Julai na Agosti, na aliyesoma Tanzania amezoea kufunga shule Juni na Desemba. Lakini kule likizo ilikuwa na watu: shangazi, binamu, majirani, shamba, duka la kutumwa sukari. Hapa kuna apatimenti, mzazi aliye kwenye shifti, na simu.

Wazazi wengi hujiondoa mapema kwa kusema, "Mimi Kiingereza chenyewe sikijui, nitamfundisha nini?" Hakuna aliyekutaka uwe mwalimu wa Kiingereza. Kazi yako ni tatu: kulinda saa ya kusoma, kumsikiliza mtoto anaposoma, na kumuuliza kwa Kiswahili amesoma nini. Mzazi aliyeishia darasa la nne anaziweza zote.

Watafiti wa elimu wa Marekani wamebishana kwa miaka mingi kuhusu kiasi ambacho watoto husahau wakati wa kiangazi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 1996 na Harris Cooper na wenzake yalikadiria kwamba kwa wastani mtoto hurudi nyuma kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu huumia kuliko kusoma. Tafiti za baadaye zimetilia shaka ukubwa wa hasara hiyo. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza shuleni tu, mimi sioni haja ya kusubiri wamalize ubishi wao: wiki kumi bila kufungua kitabu ni nyingi.

Hatua ya 1: Ongea na mwalimu kabla shule haijafungwa

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayorahisisha zinazofuata. Katika wiki mbili au tatu za mwisho, omba dakika kumi na mwalimu wa kila mtoto. Ulizia mambo manne: mtoto anasoma vitabu vya kiwango gani, ni sehemu gani ya hesabu inayomshinda, majina ya kuingilia na nywila za programu alizokuwa akitumia darasani, na kama kompyuta ya shule inabaki nyumbani au inarudishwa. Andika majibu kwenye karatasi na uibandike kwenye friji, kwa sababu nywila zina tabia ya kupotea siku ya pili ya likizo.

Omba mkalimani. Kwa sheria za nchi hii zinazokataza ubaguzi, shule ya umma inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na wilaya nyingi hutumia wakalimani wa simu wenye Kiswahili. Usimtumie mtoto mwenyewe. Mtoto anayetafsiri ripoti yake huwa mkalimani mwenye huruma kupita kiasi.

Ulizia pia masomo ya kiangazi, tena mapema zaidi ya hapo ukiweza. Wilaya nyingi huyatoa bure kwa wanaojifunza Kiingereza au waliobaki nyuma, mara nyingi pamoja na basi na chakula. Kwa kawaida ni ya wiki chache, asubuhi tu, na nafasi hujaa wakati watu bado wamevaa makoti. Ukikuta zimejaa, omba mwanao aandikwe kwenye orodha ya kusubiri; kuna familia huhama mji kila Juni.

Hatua ya 2: Panga asubuhi moja, usipange shule nzima

Nimeona ratiba za likizo zilizochorwa kwa rangi tano, zenye vipindi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Huwa zinadumu hadi Jumatano. Chukua muda mmoja tu, saa moja na nusu, uulinde kila siku ya kazi: dakika thelathini za kusoma, ishirini za hesabu, ishirini za kuandika, na zilizobaki za kunywa maji na kugombana. Kwa walio chini ya miaka sita, nusu saa inatosha, tena ya hadithi na kuhesabu vitu. Simu na televisheni zinafunguliwa baada ya hapo. Sharti hilo likikaa wiki ya kwanza bila kulegezwa, wiki ya tatu mtoto mwenyewe ataamka na kuuliza, "Tuanze ili tumalize?"

Ukifanya shifti ya usiku kwenye ghala au kiwandani, asubuhi si saa yako, na hakuna sababu ya kujilazimisha. Weka muda wenu saa tisa au saa kumi jioni, ukishaamka. Watoto wanaweza kuzoea saa yoyote, mradi isibadilike kila siku.

Kisha kuna swali la nani anabaki nao. Nyumbani mtoto wa miaka tisa kubeba mdogo wake mgongoni ni jambo la kawaida. Hapa linaweza kuleta polisi au ofisi ya ustawi wa watoto mlangoni. Sheria hutofautiana. Majimbo mengi hayataji umri wowote, lakini Maryland, kwa mfano, hairuhusu mtoto chini ya miaka 8 kuachwa bila mtu wa kuaminika mwenye angalau miaka 13. Uliza sheria ya jimbo lako kwa shirika lililokupokea ulipofika nchini au kwa mshauri wa shule. Njia inayotumiwa na familia nyingi za Kikongo na Kitanzania ni zamu: familia tatu au nne zenye shifti tofauti, watoto wanasomea kwa huyu Jumatatu, kwa yule Jumanne. Mkiifanya hivyo, kubalianeni tangu mwanzo juu ya chakula, simu na saa ya kusoma, maana urafiki wa watu wazima huvunjika kwa mambo ya watoto.

Na dada mkubwa si mwalimu mkuu. Ana miaka kumi na mitatu, naye yuko likizo. Anaweza kuwasimamia wadogo zake kwa muda huo mmoja, si kutwa, na ni haki apate kitu kwa kazi hiyo.

Hatua ya 3: Chukueni kadi za maktaba wiki ya kwanza

Maktaba ya umma ya Marekani haifanani na maktaba tulizozizoea, ambako vitabu vilikaa kabatini na funguo zikakaa kwa mtu aliyetoka kidogo. Hii ni ya kila mkazi, haina ada, na mtoto anachukua mwenyewe kitabu kwenye rafu. Kadi ni bure. Kwa kawaida unaonyesha kitambulisho na karatasi yenye anwani yako, kama bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Watoto wanapata kadi zao kwa saini yako. Hawakuulizi unapata mshahara kiasi gani.

Hofu ya faini huwazuia wengi. Ulizia, kwa sababu hali imebadilika. Chicago iliondoa faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019 na New York mwaka 2021, na miji mingi imefanya hivyo pia. Kitabu kilichopotea au kulowa bado kinalipiwa, kwa hiyo tafuta mfuko mmoja wa vitabu vya maktaba na sehemu moja ya kuuweka, mbali na mtoto wa miaka miwili.

Kila kiangazi karibu kila maktaba huendesha programu ya kusoma. Mtoto anajiandikisha, anaandika vitabu au dakika alizosoma, na anapofikisha kiwango anapewa zawadi ndogo: kitabu chake mwenyewe, tiketi ya bwawa la kuogelea, vocha ya aiskrimu. Usizidharau zawadi hizo. Mtoto wa darasa la pili atasoma kwa ajili ya aiskrimu kitu ambacho hatakisoma kwa ajili ya mustakabali wake. Katika maktaba nyingi, kusoma kwa lugha yoyote kunahesabika, na mzazi akimsomea mtoto kunahesabika pia. Uliza tu dawatini.

Mle ndani kuna kiyoyozi, intaneti, kompyuta, saa ya hadithi kwa wadogo, na mara nyingi mtu wa kuwasaidia watoto kazi za shule. Baadhi ya maktaba huazimisha vifaa vya intaneti vya kwenda navyo nyumbani, au pasi za kuingia makumbusho bila malipo. Kwa kadi hiyohiyo unaweza kuazima kwenye simu vitabu vya kusoma na vya kusikiliza kupitia programu ya Libby, pale maktaba yako inapoitumia. Kwa mtoto anayesitasita, kitabu cha kusikiliza pamoja na cha karatasi mkononi ni dawa nzuri: sauti inamwonyesha matamshi, macho yanafuata mstari.

Mwache achague mwenyewe. Akichagua vitabu vitano vya katuni na kimoja cha papa, mradi anavisoma, kazi inaendelea.

Hatua ya 4: Msikilize akisoma, kisha uliza kwa Kiswahili

Hapa ndipo mzazi asiyejua Kiingereza anapofanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Kaa karibu na mtoto, yeye asome kwa sauti dakika kumi au kumi na tano. Hata usipoelewa neno, utasikia anakwama wapi, anaruka wapi, na lini anabuni. Akikwama, usiseme chochote kwa muda wa pumzi moja. Mara nyingi atajikwamua. Akishindwa, mwambie aendelee na alipigie mstari neno hilo kwenye daftari, walitafute baadaye na dada yake au kwenye simu.

Akimaliza ukurasa au sura, funga kitabu na uulize:

- Ni nani waliokuwemo? Nani alifanya nini?
- Kwa nini alifanya hivyo? Wewe ungefanyaje?
- Unafikiri kitatokea nini mbele?
- Kuna nani tunayemjua mwenye tabia kama hiyo?

Atalazimika kubeba maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na hawezi kubeba asichokielewa. Mtoto anayesoma kwa kasi nzuri lakini akashindwa kukusimulia chochote hajaelewa, na ni afadhali ujue Juni kuliko kuambiwa Novemba. Ujuzi wa kuelewa hadithi na kufuatilia sababu na matokeo haukai ndani ya lugha moja. Mtoto akiupata kwa Kiswahili anaingia nao kwenye Kiingereza.

Kuna ushauri ambao bado unazunguka kwenye jumuiya zetu, kwamba mzazi aongee Kiingereza nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Usiufuate. Kiingereza atakipata shuleni, kwa marafiki na kwenye televisheni, iwe unataka au hutaki. Kwako atapata maneno mengi, makali na yenye utani ikiwa utaongea lugha unayoimudu. Ukiongea Kiingereza cha kubabaisha, atapata amri fupifupi tu: njoo, kaa, kula, lala.

Hatua ya 5: Kiswahili kiandikwe, kisibaki cha kuongea tu

Watoto wengi waliozaliwa hapa, au waliofika wadogo kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania, wanaelewa Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza. Kiangazi ni nafasi ya kuwafundisha kukisoma. Habari njema ni kwamba kusoma Kiswahili ni rahisi: herufi hutamkwa zilivyo. Mtoto anayejua kusoma Kiingereza anaweza kuanza kusoma Kiswahili ndani ya siku chache, akielekezwa tu kwamba a, e, i, o, u hazibadiliki sauti.

Pa kupata vya kusoma? Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, bure, zimepangwa kwa viwango. Kwa wadogo, taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam ina vipindi vya katuni vya Kiswahili vinavyofundisha hesabu, sayansi na herufi, na vingi viko YouTube. Kama saa ya televisheni lazima iwepo, heri ianze na hivyo.

Kuandika kuna mlango wake: WhatsApp. Kila Jumamosi mtoto atume ujumbe wa sauti kwa bibi au babu, lakini kwanza auandike kwenye daftari. Sentensi tano kwa mdogo, ukurasa kwa mkubwa. Asome alichoandika, bibi ajibu, na swali la bibi liwe kazi ya wiki inayofuata. Bibi akisema hakuelewa, mtoto atasahihisha kwa bidii ambayo kalamu nyekundu ya mwalimu haiipati. Msigombane juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bujumbura au cha Tanga. Mtoto aandike cha kwao, na cha vitabu atakutana nacho kwenye hadithi.

Usiku, vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Asiyejua kutegua atoe mji. Havihitaji umeme wala intaneti, na mtoto aliyechoka kusoma hachoki kubashiri.

Hatua ya 6: Hesabu za jikoni, za dukani na za bao

Hesabu ndizo husahaulika kwanza, kwa sababu hakuna anayekaa kitandani akafanya mgawanyo kwa raha. Kwa zile dakika ishirini za kila siku, tovuti ya Khan Academy ni bure na ina mazoezi yaliyopangwa kwa madarasa. Mweke kwenye darasa analolimaliza, si analoliendea. Wazazi hupenda kumrusha mtoto mbele, kisha wanashangaa anapochukia. Aliyefika darasa la tatu au la nne bila kuijua tebo ya kuzidisha hadi mara kumi aimalize kiangazi hiki. Sehemu na asilimia zote zitaegemea hapo.

Nje ya kompyuta, nchi hii imejaa hesabu kwa sababu vipimo vyake vinashangaza. Kikombe cha kupimia ni mililita 240 hivi, ratili moja ni gramu 454, galoni ya maziwa ni lita 3.8, maili ni kilomita 1.6. Mpe mtoto kazi ya kupika chapati za watu wanne kisha za watu kumi, aandike vipimo vyote viwili. Mpe jukumu la kulinganisha bei kwenye rafu: mfuko mdogo wa mchele na mkubwa, upi nafuu kwa ratili? Bei za hapa kwa kawaida huandikwa bila kodi. Kentucky kodi ya mauzo ni asilimia 6, ingawa vyakula vingi vya dukani havitozwi. Basi viatu vya dola 30 vitalipiwa ngapi kaunta? Mtoto akipata dola 31.80 kabla ya mashine, abaki na chenji.

Saa nazo. Kiangazi, Dar es Salaam iko mbele ya New York kwa saa 7 na ya Chicago kwa saa 8. Goma na Bukavu ziko mbele kwa saa 6 na 7. Kabla ya kumpigia bibi, mtoto ndiye aseme kule ni saa ngapi.

Halafu bao. Mchezo una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Huhitaji fundi wa kuchonga. Chukua trei tatu za mayai za dazeni moja. Mbili zipange kwa urefu, moja juu ya nyingine, upate safu nne za mashimo sita. Ya tatu ikate vipande viwili vya mashimo manne manne, uvigundishe pembeni ili kila safu ifike nane. Mashimo manne yatakayobaki tupa, au weka kete zinazoanguka. Kwa kete, maharage makavu. Waanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, kabla ya kugusa bao lenyewe, ambalo lina sheria za kuwatoa jasho watu wazima. Kama huzijui, kuna mjomba au babu anazijua, na hakuna mzee wa bao atakayekataa kufundisha kwa simu ya video. Mchezaji hulazimika kuhesabu kichwani kete itaangukia shimo gani kabla hajazigusa. Hiyo ni hesabu tupu, na watoto huifanya saa nzima bila kulalamika.

Hatua ya 7: Chakula cha mchana kipo

Mtoto aliyezoea kula shuleni bure hukosa mlo huo shule zikifungwa. Serikali ya shirikisho hugharimia milo ya kiangazi kwenye shule, bustani, makanisa na maktaba: yeyote mwenye miaka 18 au chini hula bila kulipa na, kwenye vituo vya wazi, bila fomu wala kitambulisho. Mijini kwa kawaida hula palepale. Piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada ya kijamii, omba mkalimani, uliza kituo kilicho karibu. Ukikipata kilicho ndani ya maktaba, chakula na vitabu vimekutana.

Tangu 2024 pia kuna SUN Bucks, dola 120 za chakula kwa kila mtoto anayestahili kwa kiangazi kizima, katika majimbo yaliyojiunga. Wengi huzipata moja kwa moja, lakini si wote: kama shule yenu hulisha watoto wote bure bila fomu za kipato, huenda ukalazimika kuomba mwenyewe. Ulizia mapema.

Hatua ya 8: Vijana wa sekondari

Hawa huwezi kuwakalisha kwa aiskrimu. Wengi wanataka kazi, na kazi si adui wa masomo ikiwa halali. Kwa sheria ya shirikisho, wenye miaka 14 na 15 wanaweza kufanya kazi nyingi zisizo za hatari, hadi saa 40 kwa wiki shule zikiwa zimefungwa, na kati ya Juni 1 na Siku ya Wafanyakazi wasipite saa tatu usiku. Jimbo linaweza kubana zaidi au kudai kibali. Karibu kazi zote za machinjioni na kwenye viwanda vya nyama zimepigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18, hata kama msimamizi anasema hakuna neno. Miji mingi ina programu za ajira za vijana, na maombi hufungwa mapema.

Hati ya malipo ya kwanza isomeni pamoja, mstari kwa mstari: saa, kiwango, makato. Kijana ambaye hajali asilimia atajali siku hiyo. Aliyebaki nyumbani ajitolee maktaba au msikitini, au awafundishe wadogo, na asome angalau kitabu kimoja kirefu cha kuchagua mwenyewe. Kama alifeli somo, mshauri wa shule ndiye anayejua kama linaweza kurudiwa kiangazi, mara nyingi kwa kompyuta. Usisubiri Septemba, maana alama za kumaliza shule huhesabiwa kwa miaka minne.

Hatua ya 9: Wiki mbili za mwisho

Rudisha saa ya kulala nyuma kwa dakika kumi na tano kila siku mbili hadi ifikie ya shule. Weka miadi ya kliniki Julai, si Agosti: chanjo na fomu ya uchunguzi wa afya zinazodaiwa na shule hufanya foleni ndefu mwishoni. Kama mmehama, peleka mkataba mpya wa nyumba wilayani mapema ili basi lisimwache mtoto siku ya kwanza. Tafuta orodha ya vifaa vya shule, na kabla ya kununua uliza kanisa, msikiti au shirika lililokupokea, kwa sababu wengi hugawa mikoba na madaftari Agosti.

Daftari la kiangazi, lenye barua za bibi na maneno yaliyopigiwa mstari, mtoto aende nalo kwa mwalimu mpya. Mwalimu asiyejua neno la Kiswahili bado ataona mwandiko, ataona hesabu, na atajua aanze naye wapi.